Muuza Mkaa Anunua Hita

Ukitaka kumuudhi Thoa, muuza mkaa wa mji wa Trung Khanh, mwambie mkaa wake unatoa moshi. Hatabishana nawe. Atatoa kipande kimoja kapuni, atakigonga kwenye jiwe ili usikie kinavyolia, kisha atakirudisha na kumgeukia mteja aliye nyuma yako. Utabaki umesimama hapo na kikapu kitupu mpaka uombe radhi, tena uiombe kwa adabu, maana mama huyo hana haraka.

Haraka ya nini? Miaka thelathini na mmoja amekaa kona ile ile, karibu na wauza bata, kila siku ya soko. Mumewe alipofariki kwa homa, binti yao Nhai alikuwa na miaka minne. Mkaa ndio uliomlea mtoto yule, ukamsomesha, ukamfikisha kuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Cao Bang. Kwa hiyo anayeusema vibaya mkaa mbele ya Thoa anamsema Thoa mwenyewe, na anamgusa na Nhai.

Tena mkaa wake ulikuwa na vyeo. Wa kupikia alikuuzia bila maneno. Wa mzazi alikuuliza kwanza kajifungua lini, mtoto wa ngapi, nyumba ya mbao au ya matofali, kisha akakuchagulia kwa mkono. Mzazi wa kwetu hulala mwezi mzima kitandani, na chini ya kitanda huwekwa beseni la udongo lenye makaa, joto lipande kutoka chini, likaushe mifupa na kurudisha tumbo. Milango inafungwa, madirisha yanafungwa, nyufa za mbao zinazibwa kwa matambara, kwa sababu adui wa mzazi ni upepo. Mzazi akiumwa kichwa, amepigwa na upepo. Akizimia, ni upepo pia, na hapo watu huongeza matambara na makaa. Wanawake wengi wa mji ule walilalia mkaa wa Thoa, na wakikutana naye sokoni humwonyesha watoto wao: "Huyu ni wa mkaa wako, Mama Nhai!" Naye hucheka mpaka macho yanapotea usoni.

Nhai alipopata mimba, mama mkwe wake kule mjini alianza kumwandalia chumba. Nyumba ya matofali, mashine ya joto ukutani, pazia jipya, kila kitu. Nhai akakataa. Alimpigia mama yake simu akasema, "Mwezi wangu nitaukaa kwako, Mama." Thoa akajibu, "Haya, uje," akakata simu kabla sauti haijamsaliti. Kesho yake alianza kuchagua mkaa wa binti yake, na uchaguzi huo ulimchukua wiki tatu. Akakiinua kitanda cha mianzi juu ya matofali, mawili kila mguu, ili beseni lipate nafasi. Hapakuwa na mama mwenye furaha kama yeye katika bonde zima.

Kisha nesi akamharibia.

Alikuwa msichana tu, nesi mwenyewe, mwenye kibanio cha nywele chenye picha ya paka. Siku Nhai alipokuwa anaruhusiwa kutoka hospitali, alimketisha Thoa kwenye benchi koridoni, akamuuliza bila kuzunguka.

"Mama, nyumbani mna mpango wa makaa chini ya kitanda?"

"Makaa ya nani? Yangu hayana moshi," alisema Thoa.

"Ndiyo hayo ninayoyaogopa. Yenye moshi, mtu anakohoa, anatoka nje. Yasiyo na moshi yanamlaza. Mmefunga chumba, hewa ya makaa inajaa, haina rangi wala harufu. Kwanza kichwa kinauma kidogo. Miguu inakuwa mizito. Mashavu yanapata wekundu mzuri, watu wanasema mzazi amependeza. Halafu analala na mwanawe, na hawaamki."

Thoa alikuwa amekwisha kufungua kinywa. Alikuwa na jibu tayari, jibu la kumrudisha msichana yule chuoni akaanze upya. Akalimeza. Ilikuwa ile habari ya mashavu.

Maana miaka ishirini na saba nyuma, Nhai akiwa na siku tano duniani, Thoa alilala chumbani na beseni chini yake na matambara kwenye kila ufa. Alikumbuka kichwa kuuma. Alikumbuka mama mkwe wake akimchungulia na kumwambia, "Leo una rangi nzuri, unang'aa." Kilichofuata alichokumbuka ni baridi usoni, yeye amelazwa sakafuni nje ya chumba, na watu wanamsugua mafuta na kulia, na kitoto kinatapika maziwa mikononi mwa jirani. Watu wote walisema amepigwa na upepo. Yeye mwenyewe akasema hivyo. Wakaongeza matambara, naye alipopata nafuu akarudi kuuza mkaa wake.

Pale kwenye benchi, mikono imelala magotini, Thoa alielewa kwamba haukuwa upepo. Alimshukuru nesi kwa sauti ndogo. Hakumwambia mtu yeyote. Angemwambia nani? Nhai alikuwa anatoka wodini amembeba kichanga, ametabasamu, anakwenda kulala nyumbani kwa mama yake kwa sababu anamwamini. Na mama mkwe wa Nhai alikuwa amekwisha kutoa onyo lake kwa simu, uso wake umejaa kioo chote: "Dada Thoa, nakuheshimu sana, lakini nikisikia umewasha hata kipande kimoja, nakuja na gari kuwachukua wote wawili." Mtu angemwambia mwanamke yule kilichotokea siku ya tano, gari lingefika kabla ya chakula cha mchana.

Basi Thoa alipomfikisha binti yake nyumbani na kumfunika, alitoka, akaenda nyumba sita mbele, dukani kwa Luong.

Luong anauza vitu vya umeme na anavitengeneza. Yeye ndiye aliyefunga nyaya katika nusu ya nyumba za mtaa ule, na kwa miaka yote hiyo amemtania Thoa kwamba siku moja atamfukuzia wateja. Alipomwona mlangoni aliweka chini bisibisi yake.

"Nani amekufa?"

"Mdomo wako. Nataka kitu cha joto. Cha mzazi."

"Wewe? Mama mkaa?" Luong alitazama juu kama anayetafuta jua limetokea upande gani. "Ngoja nikae kwanza."

"Kaa ukiwa unanionyesha."

Akamwonyesha. Hita ya kwanza ilikuwa na taa nyekundu mbele yake. Thoa alikipenda kile chekundu, kilifanana na makaa, lakini Luong akatikisa kichwa. Hiyo, alisema, inakuchoma uso na kukuacha na mgongo wa baridi, na shuka ikiiangukia ndio mwisho wa nyumba. Ya pili ilikuwa na feni. Akaiwasha. Thoa akaruka nyuma.

"Inavuma!"

"Inavuma joto."

"Upepo? Kwa mzazi? Luong, mimi na wewe tuligombana lini?"

"Upepo wa moto, Mama Nhai."

"Upepo ni upepo. Izime."

Ya tatu ilikuwa na mbavu nyeupe za chuma, imesimama kwenye magurudumu madogo, nzito, imenyamaza. Luong akaeleza kwamba ndani yake kuna mafuta yaliyofungiwa. Hayaungui wala hayaongezwi, yanapashwa moto na umeme tu, na mbavu zile zinatoa joto pole pole. Thoa akaizunguka kama anavyozunguka gunia la mtu mwingine.

"Majivu yake?"

"Haina."

"Hewa yake? Inakula hewa ya chumba?"

"Haili hewa wala haitoi hewa. Unaweza kulala nayo chumbani, ukikaa nayo kwa adabu." Luong akaiwasha, kisha akaisukuma kwa mguu mpaka ikalala ubavu. Taa yake ikazima papo hapo. "Umeona? Ikianguka inajizima. Ikizidi joto inajizima. Hii ina akili kuliko wewe na mimi."

Thoa alishika ubavu mmoja kwa kiganja, akakiacha pale muda mrefu, kisha akasema ataichukua. Luong hakumwachia hivi hivi. Alimshika mkono wa koti na kumsomea masharti, na kila sharti alitaka jibu. Iwe mbali na kila kitu kinachoweza kuungua, hatua moja kubwa pande zote. Nepi zisianikwe juu yake. Wakitoka wote chumbani, izimwe. Plagi iingie ukutani moja kwa moja, kwenye ile soketi ya upande wa kilimani aliyoifunga yeye mwenyewe kwa waya mnene. "Nikisikia umeichomeka kwenye ekstensheni pamoja na lile jiko lako la wali, tusijuane."

"Nimesikia," alisema Thoa kila mara. Na kweli alisikia. Shida ya Thoa haijawahi kuwa masikio.

Siku mbili za kwanza hita ilisimama ukutani mahali pake, na chumba kilikuwa na joto la kuridhisha. Nje ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba, bata wenyewe walikuwa wamejikunyata, lakini Nhai alikaa ndani na blauzi moja. Kichanga, waliyempa jina la nyumbani la Tep, yaani kamba mdogo wa majini, ili mashetani wasimwonee wivu, alinyonya na kulala. Mama mkwe alipopiga simu aliona mbavu nyeupe nyuma ya bega la Nhai akaridhika. Thoa akaanza kupumua.

Siku ya tatu asubuhi, Nhai alijishika kiuno akasema, "Mgongo, Mama. Umekaza."

Kauli hiyo ilimkaa Thoa siku nzima. Alijua sababu. Joto lilikuwa linatoka ukutani, na mzazi hapashwi joto kutoka ukutani, anapashwa kutoka chini. Tena sababu ya kuogopa chini ya kitanda ilikuwa nini? Ile hewa. Na hita haina hewa. Basi mwenye akili angefanya nini? Angechukua kifaa kisicho na madhara na kukiweka mahali panapostahili. Lile sharti la hatua moja aliliona ni la watu wenye mapazia na nguo ovyo. Kitanda si nguo. Kitanda ndipo moto wa mzazi unapokaa, tangu bibi zake.

Mchana, Nhai alipokwenda jikoni kuoga maji ya majani, Thoa aliisukuma hita kwenye magurudumu yake mpaka chini ya kitanda. Ilienea vizuri, matofali yale yalifanya kazi yake. Waya ukagoma kufika ukutani. Akaleta ekstensheni ya jiko la wali. Kisha akalishusha lile blanketi zito lenye picha za tausi pande zote mpaka karibu na sakafu, kama inavyotakiwa, joto lisipotee.

Nhai alirudi, akajilaza na mwanawe, akafumba macho. "Eh, Mama. Leo joto tamu."

"Si nilikwambia," alisema Thoa, ingawa hakuwa amemwambia kitu. Alirudi jikoni kwenye kuku wake wa tangawizi akiwa ameridhika na dunia.

Baada ya nusu saa alipochungulia, taa ya hita ilikuwa imezima. Akasubiri, akazungusha kitufe, ikawaka. Akageuza kuku, akarudi, imezima tena. Mara ya tatu hasira zikampanda. Aliigusa ikiwa imepoa kidogo, akazungusha kitufe mpaka mwisho kabisa, taa ikawaka, akatoka na aproni yake kiunoni mpaka dukani kwa Luong.

"Umeniuzia kitu kibovu!"

"Salamu na kwako, Mama Nhai."

"Inajizima kila dakika. Mzazi wangu atapata baridi. Njoo ukitoe hicho kidude kinachoizima."

Luong aliacha alichokuwa anafanya. "Nikitoe kidude gani?"

"Hicho chenye akili."

Akamfuata bila kusema zaidi, na mwendo wake ulikuwa wa haraka kuliko mwendo wa mtani. Lakini alipofika chini ya ngazi za nyumba, iliyoinuliwa juu ya nguzo kama zote za kwetu, alisimama. Tawi la majani mabichi lilikuwa limefungwa kwenye nguzo, na tawi likifungwa, hakuna mwanamume mgeni anayepanda mpaka mwezi wa mzazi uishe. Luong, pamoja na utani wake wote, hakuwa mtu wa kuvuka tawi.

"Basi nijibu hapa hapa," alisema. "Iko wapi?"

"Mahali pake."

"Pake ni wapi?"

"Chumbani kwa mzazi, unafikiri ningeiweka kwa kuku?"

"Mama Nhai. Chumbani sehemu gani? Ukutani nilipokuonyesha?"

Thoa alitazama kuku waliokuwa wakiparua chini ya nyumba. "Ilikuwa ukutani."

"Sasa?"

"Sasa iko chini yake. Kama kawaida."

"Chini ya nini?"

"Chini ya kitanda, Luong! Mzazi atapata joto kutoka wapi, darini?"

Luong hakucheka. "Na shuka limeshuka?"

"Blanketi. Ndiyo."

"Imewashwa sasa hivi?"

"Nimeiwasha kwa nguvu zote, ndiyo maana nikaja—"

"Panda ukaichomoe. Panda, dada, kimbia!"

Alikuwa hajamwita dada tangu walipokuwa wadogo. Thoa alipanda ngazi mbili mbili kwa umri wake ule, akaukumba mlango kwa bega.

Nhai alikuwa amelala chali. Tep amelala kifuani pake. Chumba kimetulia, kimefungwa. Na mashavu ya Nhai yalikuwa mekundu, wekundu mzuri, anang'aa.

Thoa hakukumbuka waya wala plagi. Alikumbuka siku ya tano. Alikumbuka baridi usoni na kitoto kinatapika, na akajua kwamba ameirudia, kwamba kwa mikono yake mwenyewe na kwa kichwa chake kigumu ameirudia.

"Nhai!" Alimshika mabega akamtikisa. "Nhai! Amka! Mwanangu, amka!"

"Nini?" Nhai alifumbua macho amekasirika. "Nini, Mama? Ndiyo kwanza nimelala!" Na Tep akaamka akaanza kulia kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa haki yake, sauti iliyotoboa paa, na Thoa hajawahi kusikia kitu kizuri kama kile.

Akakaa sakafuni. Ndipo alipoiona ekstensheni. Aliivuta ukutani, na plagi ilikuwa ya moto kiasi cha kumfanya aachie. Akaunyanyua upindo wa blanketi. Kwa ndani, pale lilipokuwa limeegemea mbavu za hita, kitambaa kilikuwa kimegeuka kahawia na kujikunja, kimeganda kipande kikubwa kama sahani, kina harufu ya plastiki. Tausi mmoja hakuwa na kichwa tena. Hita yenyewe ilikuwa imezima. Ilikuwa imejizima kwa mara ya nne, kabla hata plagi haijavutwa, pale pale chini ya kitanda.

"Vipi huko?" Sauti ya Luong ilipenya kati ya mbao za sakafu, kwa kuwa alikuwa amejiingiza chini ya nyumba, kwa kuku, ili awe karibu bila kuvuka tawi. "Mko wazima? Jibuni!"

"Wazima!" Thoa alipiga kelele.

"Wote?"

"Wote wawili! Hawana kitu!"

Akasikika akimshukuru mungu wa jiko anayelinda nyumba, na kumfokea kuku.

Thoa alifungua dirisha moja, kisha la pili, matambara yakaanguka. Hewa ya baridi iliingia, na Nhai akavuta blanketi, akaona lile doa. Aliligusa kwa kidole. Akatazama chini ya kitanda, akatazama mbavu nyeupe, akamtazama mama yake.

"Mama."

"Najua."

"Uliiweka chini?"

"Ulisema mgongo."

Nhai alimweka Tep kwenye ziwa ili anyamaze. Chini yao Luong alikuwa anapaza maagizo kwenye mbao: itolewe, iachwe ipoe, irudi ukutani, ekstensheni atupiwe chini aikate vipande kwa mkono wake. Thoa alifanya kila kitu kama alivyoambiwa. Aliivuta hita, akaisimamisha ukutani, akapima kwa miguu yake kutoka hapo mpaka kitandani, hatua moja, akaona haitoshi, akasogeza kitanda, zikawa mbili. Akapima tena, kisha akapima mara ya tatu.

"Mama, mbona unapima na kupima hivyo? Blanketi tu limeungua."

"Si blanketi."

"Ni nini?"

Ilibidi limtoke, maana Thoa hakuwa tena na mahali pa kuliweka. Alisimama katikati ya chumba na aproni yake, akamwambia. Habari ya siku ya tano, makaa, kichwa, mashavu. Kwamba watu walisema upepo na yeye akasema upepo. Kwamba nesi alipokuwa anaeleza ni kana kwamba alikuwepo.

Nhai alisikiliza mpaka mwisho. "Nani alitutoa?"

"Bibi yako. Aliingia kutafuta beseni lake la kufulia. Alinigombeza kwanza kwamba nimelala mchana, ndipo akaona siamki."

"Kwa hiyo mimi niko hai kwa sababu ya nguo chafu."

"Usicheke, Nhai."

"Sicheki." Lakini mabega yalikuwa yanamtikisika. Akafuta macho kwa upindo wa tausi. "Umelijua hili tangu hospitali? Ukanyamaza siku zote hizi?"

"Nilinyamaza."

"Kwa nini, Mama?"

Thoa alijitahidi kulisema vizuri likagoma, akalisema vibaya. "Ungeondoka. Ungejua nusura nikuue una siku tano, na sasa ungenipa wa kwako? Ungemwita mama mkwe wako, ungekwenda kwenye matofali yao, na ungekuwa na haki. Nimekusubiri miezi tisa uje ulale hapa."

Nhai alimtoa Tep kwenye ziwa, akamfuta mdomo, akamsogeza mbele kwa mikono miwili, mpaka Thoa akalazimika kumpokea. Kichanga kilikuwa kizito kuliko kilivyoonekana, kina joto, kinanuka maziwa, kinamkodolea macho.

"Hutaki kuondoka?" aliuliza Thoa.

"Niende wapi? Wa pili nitamleta hapa hapa."

"Wa pili! Huyu hata mwezi hajatimiza."

"Nakwambia mapema ili usianze kuchagua mkaa."

Kutoka chini ya sakafu Luong aliuliza kama sasa anaweza kurudi dukani, au wanataka aendelee kukaa na kuku. Thoa alitaka kumjibu jibu lake la kawaida. Alichopata ni machozi, yaliyomtoka bila haya mbele ya mwanawe na mjukuu wake, na pumzi ndefu iliyokaa kifuani mwake tangu benchi la hospitali. Nhai akasogea kitandani, akampisha.

"Njoo ujilaze, Mama. Tangu tufike hujalala. Luong! Nenda zako, tumelala!"

Thoa akapanda kitandani na kichanga mikononi, akaegesha kichwa karibu na cha binti yake. Madirisha yalikuwa bado wazi, na hakunyanyuka kuyafunga.